Mgeni Asiyekabwa

Leo Jumamosi. Mvua ilikatika saa nne asubuhi, uwanja wetu wa Murukulazo ukabaki na matope ya kumtia mtu aibu.

Aibu nimeipata, ila siyo ya matope.

Jens ni mtu wa Denmark. Ujanani alikuwa mshambuliaji huko kwao, daraja la pili. Alifunga sana. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu, akakaa benchi dakika zote tisini, akarudi nyumbani. Baadaye beki mmoja akamvunja goti, mpira ukaishia hapo. Ndipo akaja kambi ya Lukole, karibu na kwetu, kuchimba visima wakati wa wakimbizi, Kiswahili akakipatia huko. Sasa amepita miaka sitini, amerudi kutusalimia, na Jumatatu anaondoka.

Aliomba kitu kimoja: acheze mechi ya mwisho maishani mwake. Maveterani wa Keza, kijiji jirani, wakamchukua. Mimi ni beki wa Murukulazo, nikaambiwa nimkabe.

Sasa mgeni unamkabaje? Nimelelewa kwamba mgeni akija unainuka, unampisha. Mpira ulipomfikia, miguu ikampisha yenyewe. Na mdomo, Mungu anisamehe, ukasema, "Karibu."

Akafunga.

Mabeki wenzangu nao vivyo hivyo. Alifunga matano. La tano alikwenda kulifunga akitembea.

Kipa wetu Bonifasi, kaka wa mke wangu, alinifuata ana matope mpaka masikioni. "Shemeji, ulikuwa unamkaba au unampokea?"

"Yule ni mgeni, shemeji."

"Basi ungemletea na kiti."

Nilicheka. Halafu nikamwona Jens amekaa pembeni anavua viatu, hana furaha hata kidogo. Nikaenda kumpongeza. Akasema taratibu, "Leo nimecheza peke yangu. Hata yule aliyenivunja goti aliniheshimu kuliko ninyi."

Limenichoma hilo neno. Nilidhani nampa heshima, kumbe nimemnyima mechi yake.

Nikamfuata nahodha wa Keza nikamsihi, amekubali turudiane kesho baada ya Misa. Jens nilipomwambia, alianza kufunga kamba za viatu upya.

Kwa hiyo kesho namkaba. Nimeliweka hata kwenye sala ya jioni, mke wangu akaitikia amina huku anacheka.

Ila kuna jambo bado linanisumbua: nikimwangusha, niondoe mpira kwanza, au nimpe pole kwanza?