Kuhusu Tanuri la Marehemu Isiko

Mafubira, Jinja
14 Juni 2025

Mpendwa shemeji Yakub,

Asalaam aleikum. Poleni na kazi huko Mbale. Mguu wa mama unaendeleaje na baridi hiyo ya mlimani? Na Shifa, homa imemwachia? Sisi tunamshukuru Mungu. Eda yangu haijaisha, ndiyo maana naandika badala ya kuja.

Ujumbe wako niliupata. Unataka nikutumie tanuri na vyungu vya ndugu yako uendeleze kazi nyumbani kwako. Kwanza nikueleze Isiko alivyotutoka, maana siku ya mazishi hatukupata nafasi ya kuongea.

Unajua alivyokuwa akipasua betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi nyuma ya nyumba. Mwaka jana alianza kuishiwa pumzi, moyo ukimwenda mbio hata akiwa amekaa. Daktari Nandutu akampima damu, akakuta sumu ya risasi, na presha iko juu.

"Mzee, kazi hiyo uiache," alimwambia. "Dawa utameza. Utembee kila siku, ule mchicha, nyanya, mapapai. Vitausaidia moyo wako. Lakini ukiendelea kuvuta moshi ule, hakuna mboga itakayokuokoa."

Ndugu yako alishika nusu ya maneno hayo. Baada ya swala ya alfajiri alitembea hadi Nalufenya na kurudi, jasho likimtoka. Mchicha alipanda mwenyewe, akaula bila kuchoka. Kweli akapata nafuu, tukamsikia akicheka tena. Kisha akawasha tanuri.

Nikamwuliza Isiko, je, daktari alisemaje?

"Mama Ramula, si natembea? Si nakula majani kama mbuzi?"

Nilimsihi, na binti yetu Ramula akamsihi. Akasema ataacha baada ya Idi. Kabla Ramadhani haijaisha, alianguka palepale kwenye tanuri, na hospitali hatukuwahi kufika.

Basi shemeji, tanuri halipo. Nilimwita jirani Muzafaru akalivunja, na vyungu tukavifukia shimoni.

Wewe ulifanya naye kazi miaka mingi kabla ya kuhamia huko. Tafadhali nenda ukapimwe damu, na watoto pia. Najua barua hii itakukasirisha. Kasirika, lakini ishi.

Nisalimie mama, Shifa na shangazi Nangobi. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Twaibah