Nimpe Hamira Mkono, Kisha Ninyamaze?

Mpendwa mshauri, niwie radhi, haya nilitakiwa kukuandikia tangu mtoto hajaota jino na sasa anauma kila anachokishika, lakini kila nikikaa na kalamu ama analia yeye ama nasinzia mimi, basi mchana huu amelala nami nimesema nguo zitafuliwa kesho, naomba msaada.

Mimi nafunga mikate kwenye mifuko katika bekari moja, na baba mtoto alikuwa hapo hapo kwenye mashine ya kukanda unga. Mashine ile ina kifuniko cha wavu, ukikiinua inazima yenyewe, sasa msimamizi wetu, tunayemwita Hamira kwa jinsi anavyoumuka akikasirika, akaona kinachelewesha kazi, akakifungua kwa bisibisi na kuunga nyaya ili izunguke hivyo hivyo wazi, nami nimesimama mezani kwangu namtazama. Haikupita wiki ikamshika mume wangu mkono wa kulia, na hospitali wakaukata chini ya kiwiko. Ofisini Hamira akasema mume wangu ndiye aliyetoa kifuniko.

Nikamwomba Mungu ampige, sifichi, na nilimtaja kwa majina yake yote matatu. Badala ya kupigwa, akaokoka. Alisimama mbele ya kanisa letu akalia mpaka kola ikalowa, akasema amekuwa mtu mbaya, watu wakamkumbatia, nami na mtoto mgongoni nikajiuliza, huyu ndiye Mungu wa haki, mbona ameona machozi ya Hamira na mkono wa mume wangu hakuuona?

Sasa mkaguzi wa usalama kazini anakuja Jumanne kutuuliza. Na kanisani kwetu waliokosana hupeana mkono mbele, kabla ya Meza ya Bwana, na wakishapeana, neno lile halitajwi tena popote. Mama mkwe wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, amepanga tupeane mkono na Hamira Jumapili hii.

"Mwanangu," ameniambia, "Mungu ameshamsamehe, wewe ni nani umpeleke kwa mkaguzi?"

"Mama, sijampeleka. Mkaguzi anakuja kwa miguu yake."

"Unajua ninachosema."

"Najua, mama. Sasa mwanao abaki anaitwa mzembe?"

"Mungu anaijua haki yake."

Mume wangu alikuwa anapambana na kifungo cha shati, akasema, "Basi Mungu na awaambie na wale wa ofisini, maana mimi hawanisikii."

Na mashine mpaka leo iko wazi, dada mmoja aliyeajiriwa juzi anakwangua unga humo huku inazunguka.

Msimamo wangu ninao, nataka kusema nilichoona. Ila sitaki nilipize kisasi halafu nijidanganye kwamba ni haki. Kwa hiyo nitumie haya: jibu kama kumsamehe mtu na kusema alichofanya vinaweza kukaa katika moyo mmoja, maneno ya kumwambia mama mkwe bila kumkosea adabu, maana nampenda na ndiye anayenilelea mtoto nikiwa kazini, na sala fupi, ndefu siimalizi. Vifike kabla ya Jumapili.

Mfunga Mikate

Mshauri anajibu:

Mfunga Mikate, pole kwa mkono wa mwenzio, na pole kwa uchovu. Nikukaripie kidogo kwanza. Ulimwomba Mungu ampige mtu, kana kwamba Mungu ni askari wako wa kumtuma. Acha hiyo. Wala usidhani Hamira akisamehewa ndiyo Mungu hakuuona mkono wa mumeo. Msalaba unakataa. Dhambi ni nzito hata kuisamehe kulimgharimu Mungu Mwanawe, na anayesema "nimesamehewa, basi yaishe" hajaelewa kilichofanyika pale. Mungu mwenye haki hunyoosha kilichopindishwa na kumwinua aliyeonewa. Hapo kwenu yamepindishwa mawili, jina la mumeo na ile mashine, na machozi ya Hamira hayajanyoosha hata moja. Simwiti mnafiki. Pengine ametubu kweli ila anaogopa kufukuzwa kazi. Lakini toba yake imefika kanisani tu, ofisini bado.

Utaratibu wenu wa kupeana mkono ni mzuri, mnautumia vibaya. Uliwekwa kuzika kinyongo, mama mkwe anataka uzike na ushahidi. Jumapili mpe Hamira mkono, kama moyo umekubali. Mdomo usimpe. Ila kabla ya hapo nendeni kwake, wewe na mumeo, mumwambie uso kwa uso: "Ndugu, Jumanne nitasema nilichoona. Tunaomba useme wewe kwanza." Akikubali, mmempata ndugu. Akikataa, hamkumvizia.

Mama mkwe mwambie ukiwa umekaa naye, usimrushie maneno ukiwa mlangoni unakimbilia kazini: "Mama, kwa mkono wa mwanao nimemsamehe. Lakini mkono wa yule dada siwezi kuusamehe kabla haujakatwa." Kisha nyamaza, umwache afikiri. Anampenda mwanawe kama wewe.

Sala yako hii: Bwana, chukua hasira yangu, uniachie ukweli. Amina. Inatosha.

Na jibu ni ndiyo, vinakaa katika moyo mmoja. Yule dada usimngojeshe mpaka Jumanne, mwambie kesho asubuhi azime mashine kabla ya kutia mkono. Kwa mkaguzi sema ulichokiona kwa macho yako, nani alishika bisibisi na mashine ikoje leo, usiongeze chumvi hata punje. Akikuuliza Hamira ni mtu wa namna gani, mjibu kwamba hilo hulijui. Moyo wake una mkaguzi mwingine.