Yule Aliyefungua Maji

Mjini Baraka

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na lile goti limeacha kukusumbua. Mke wangu Zaina na watoto hawajakuchosha huko Kindu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na leo lawama nyingine ni zako, unisamehe.

Kazi yangu unaijua. Mvua ikinyesha sana, tope na majani huziba bomba kule mlimani, na huku mjini watu wanakosa maji. Anayepanda kuzibua ni mimi. Juma lililopita nililala kifudifudi ndani ya maji ya baridi, nikachota tope kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Nashuka, namkuta Wilondja, mwenzangu wa kazi, kwenye bomba la sokoni na buti zake safi, akipigwa picha ameshika bidoni ya kwanza ya maji. Akina mama wanampigia vigelegele!

Kisha mkubwa wetu akaja kutoka Bukavu kuchagua shefu, kiongozi wa kikundi chetu. Shefu hupewa nyumba, Mama. Nyumba! Baada ya miaka miwili ya kuishi mbali nami, Zaina na watoto wangekuja. Akatuuliza sote, "Ni nani alifungula ile maji?" Wenzangu wakanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu, nikisubiri mwingine aseme, maana ulitulea hivyo: mtu hataji kazi yake, hutajiwa na wengine.

"Ni siye, shefu," akasema Wilondja. "Tulilala kule yulu, mlimani."

Akapewa cheo palepale. Na simu ya kuwapiga picha nikakabidhiwa mimi!

Kesho yake mvua tena, maji yakakatika, mkubwa bado ana sabuni masikioni. Akataka kwenda kuona mwenyewe. Wilondja akatangulia kifua mbele hadi njia inapogawanyika nyuma ya mashamba ya mihogo, akasimama. Akaninong'oneza, "Kaka, tunapitaka wapi?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Ni miye njo nafungulaka maji, shefu. Munifwate."

Kule juu mkubwa aliniangalia nikichota tope, akatikisa kichwa. "Sasa juu ya nini haukusema jana?" Karatasi ya cheo cha Wilondja alikuwa ameshaisaini. Ningemjibu nini? Kwamba mama yangu alinikataza?

Unisalimie baba mkubwa Ramazani, fundi wetu wa baiskeli. Umsalimie pia mdogo wangu Salima anayejifunza kushona. Watu wakiuliza gauni hili kashona nani, ainue kichwa ajibu. Usimkemee.

Na Zaina, ambaye nilimdokezea habari za nyumba na najua ameshaanza kufunga mizigo, umwambie polepole kwamba…

Hapana, Mama, acha. Nitamwandikia mwenyewe.

Mwanao anayekupenda hata akinuna,
Shabani