Mto Mkondoa Ulipotuingilia Ndani

Dada Mwajuma, shikamoo.

Mimi mzima. Jana mchana hapa Kilosa tulikuwa tukila ugali na mlenda kwa Mzee Salumu, mkata mkonge aliyenipokea, mara maji ya Mto Mkondoa yakaingia ndani kwa kishindo. Nilikimbilia sanduku langu, nikampita mama yake kipofu kitandani!

Mzee akanifokea, "Watu kwanza, we kijana! Vitu baadaye!"

Nikaliacha sanduku, tukambeba yule bibi kipofu. Tulipofika nje tu, nyumba ikaanguka.

Dada, sikujua kwamba naweza kumwacha mtu hivyo. Neno la mzee nimelishika, litokee lolote. Nibusie watoto wote, mmoja mmoja.

Mdogo wako,
Hamisi