Herufi Moja katika Bustani ya Mama Rahma

Jumatatu, 4 Rajabu

Alfajiri imesaliwa. Uradi umesomwa. Chai ya tangawizi nimeipika mwenyewe, na Mama Rahma ameinywa yote. Baada ya chai, kama kila asubuhi tangu alipopatwa na kiharusi, nimeuinua mkono wake wa kulia na kuuweka mezani juu ya kipanya. Mkono hauinuki wenyewe. Ukishawekwa, kidole cha shahada na gumba hufanya kazi.

Ndipo nikakumbuka kwamba kompyuta haipo. Iko Kansanga kwa fundi. Mkono wa mke wangu umebaki juu ya kipanya kisicho na mashine.

Anaikosa bustani yake. Ni mchezo tu, wa kulima na kumwagilia kwenye skrini. Jirani yetu Nabukenya alimwekea tulipotoka hospitali, kabla hajahamia Kyebando. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amempa mpira wa kufinya. Mpira aliutupia paka. Lakini kwa ajili ya asumini na waridi, vidole viwili vilirudi. Sasa ana milimau ukutani na mkomamanga mmoja anaoungoja uzae.

Siku hizi bila bustani vidole vimeanza kujikunja tena. Naviona. Naogopa.

Jumatano, 6 Rajabu

Bwana Onyango ameileta kompyuta. Ni Mkenya, mtu wa kanisa, fundi wa siku nyingi, na mimi humwamini. Amesema diski ilikuwa inakata roho na mfumo wa zamani ulikuwa mzito kwa mashine ya umri ule. Ameweka diski nyingine na mfumo uitwao Linux. Faili zote amezihamisha, bustani ikiwamo.

Alama ya mfumo huo ni ndege mnene asiyeruka. Mama Rahma amempenda. Amesema, kwa ule ulimi wake ambao siku hizi hutembea polepole, kwamba ndege huyo anafanana na mimi katika kanzu.

Mashine inakwenda vizuri kuliko zamani. Mchezo haufunguki. Mama Rahma amebonyeza picha ya bustani, akabonyeza tena, akabonyeza tena. Hakuna.

Onyango hakuweza kukaa. Basi la Kisumu lilikuwa linamngoja. Amefiwa na mjomba. Ameahidi kunielekeza kwa simu. Nimempa pole na kumwombea safari njema. Kisha nimebaki na ndege mnene.

Ijumaa, 8 Rajabu

Nimekasirika. Naandika ili hasira ishuke.

Baada ya sala ya Ijumaa nimempigia Onyango. Sauti za matanga nyuma yake. Nikamweleza hali. Akajibu kwa wepesi, kama mtu anayeagiza chumvi: "Sheikh, hapo ni kuweka Wine tu. Bila Wine haitafunguka."

Najua Kiingereza cha kutosha kujua kwamba hilo ni jina la divai. Nilidhani anataka nisafishe mashine kwa kilevi, kama mafundi wanavyosugua vyuma kwa spiriti. Nikamwambia: "Bwana Onyango, ndani ya nyumba hii haijaingia chupa tangu babu yangu alipovua buti za uaskari. Haitaingia kwa sababu ya kompyuta."

Akacheka. Akacheka mpaka nikasikia waombolezaji wakimuuliza kulikoni. "Mzee wangu, tulia, hii si ile ya chupa," alikuwa anasema, na mtandao ukakatika.

Mzaha juu ya dini ya mtu si mzaha. Sitampigia tena.

Jumamosi, 9 Rajabu

Nimempigia tena.

Sababu ni Mama Rahma. Jana jioni nilimsimulia ili anionee huruma. Badala yake amecheka. Kicheko chenyewe kilipinda upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake, kile cha zamani, na sikuwa nimekisikia tangu hospitali. Akasema: "Baba Rahma, weka hiyo divai. Mimi nitatubu kwa niaba yako."

Usiku nimelitafakari jambo hili kama nilivyofundishwa kulitafakari jambo lolote: kitu chenyewe kwanza, jina baadaye. Asubuhi nimemwomba Onyango anieleze kitu chenyewe. Amenieleza kwa heshima. Mchezo wa bustani umetungwa kwa lugha ya Windows. Mashine yetu sasa inasikia lugha ya Linux. Hiyo Wine ni programu inayokaa katikati na kufasiri. Ni mkalimani, basi. Haina tone wala harufu. Babu yangu alikuwa mkalimani wa kikosi, kati ya Kinubi, Kiswahili na Kiingereza, na jina la utani alilopewa kambini nalo halikuwa la kutajwa msikitini.

Nimeridhika. Nimemwomba msamaha kwa ukali wangu. Amesema hakuusikia, alisikia tu habari ya buti.

Kazi hufanywa katika dirisha jeusi ambamo mtu huandika amri. Nimelipenda dirisha hili. Ukikosea neno, hukwambia. Ukisema sawasawa, hutekeleza na kunyamaza. Wanafunzi wa namna hiyo nimewapata wachache.

Liliponiomba neno la siri, niliandika na hakuna herufi iliyoonekana. Nikadhani kibodi imekufa. "Inaandika, Sheikh," amesema Onyango. "Inaficha tu." Kama mtoa sadaka mwenye adabu.

Alama ya mkalimani huyo, lakini, ni glasi ya divai nyekundu. Hilo sikulivumilia. Onyango amenifundisha namna ya kubadilisha picha. Sasa pana birika la chai.

Jumapili, 10 Rajabu

Mchezo umefunguka, na skrini ikawa nyeusi. Sauti ilikuwapo: maji yakitiririka, ndege wakilia. Mama Rahma amesikiliza bustani yake asubuhi nzima bila kuiona. Alifumba macho. Sikujua kama ni furaha au ni uchungu, na sikumuuliza.

Onyango hakupatikana, leo ndiyo siku ya maziko. Nimesoma mwenyewe maneno ambayo dirisha jeusi lilitoa. Marefu, makavu, yamejirudia. Nimeyasoma kama tulivyosomeshwa matini ngumu: taratibu, neno kwa neno, bila kuruka lisiloeleweka. Katikati ya mstari mmoja nikakuta lalamiko kwamba kitendeshi cha picha hakijulikani. Nikalihifadhi hilo.

Jumatatu, 11 Rajabu

Onyango amesema lalamiko ndilo hasa: kitendeshi ndicho kinachoiwezesha mashine kuchora picha kwenye skrini. Nimeandika amri aliyonitumia. Mashine imezimwa, imewashwa. Picha imetokea, rangi zote. Nimesema Alhamdulillahi kwa sauti, na paka akakimbia.

Nilimwita Mama Rahma. Nimemketisha, nimeuweka mkono.

Mchezo ukauliza jina la bustani.

Mfumo wa zamani haukuwa unauliza. Ulikuwa unakumbuka wenyewe tangu siku Nabukenya alipoiandikisha bustani. Lakini jina tunalijua. Ni jina la binti yetu, aliyeolewa Nairobi. Nikaandika: Rahma.

Ikafunguka ardhi tupu. Udongo mtupu toka ukuta hadi ukuta. Si mlimau. Si waridi. Mkomamanga haupo.

Mama Rahma ametazama kwa muda. Nikasema tunaweza kupanda upya, mimi nitamsaidia. Amesema, "Mimi sianzi tena." Neno kwa neno, na kila neno limemgharimu. Kisha akataka kulala. Ilikuwa kabla ya adhuhuri.

Jumatano, 13 Rajabu

Hakuja mezani jana. Hakuja leo. Mkono ameuficha chini ya shuka, na nilipotaka kuunyoosha vidole alisema niuache.

Onyango anaapa kwamba faili zote zimehamishwa. Bustani zimehifadhiwa kwa namba zisizosomeka, kwa hiyo mimi siwezi kuitambua kwa kuangalia. Amesema Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, jambo ambalo Windows haikujali. Nijaribu kwa herufi kubwa zote. Nijaribu ndogo zote. Nimejaribu. Ardhi tupu. Ardhi tupu. Nimejaribu Mama Rahma. Nimejaribu jina lake la utotoni, ambalo hakuna anayelijua ila mimi na ndugu zake wa Bombo. Nimeona haya hata kuliandika.

Kila jina ninalokosea huzaa shamba jingine tupu. Nina mashamba matupu mengi sasa.

Kwa mtaalamu wa mazoezi wameniambia mkono ukikaa bila kutumika hurudi nyuma upesi. Nilikuwa nalijua hilo. Leo msikitini mtu ameniuliza hali ya mgonjwa, nikajifanya natafuta viatu vyangu. Mimi, ambaye watu huja kwangu kuombewa subira.

Ninampenda mwanamke huyu. Sikumbuki kama niliwahi kuliandika hilo mahali.

Alhamisi, 14 Rajabu

Lazima niandike polepole, maana moyo bado unaenda mbio.

Baada ya alasiri Nabukenya amekuja kutoka Kyebando kumjulia hali mgonjwa. Amebeba mapapai. Hajavuka hata kizingiti, akapaza sauti ya huruma kama desturi yake, Kiganda ndani ya Kiswahili:

"Mama Lahma! Bambi, Mama Lahma, mkono inaendelea?"

Tangu tujuane nimekuwa nikimsahihisha. Yeye ni Mganda, na Kiganda hakianzi neno kwa r. Ulimi huiendea l wenyewe. Nimemweleza mara nyingi kwamba Rahma ni rehema, na lahma, kwa Kiarabu, ni kipande cha nyama, na kwamba mimi sikumwita binti yangu nyama. Yeye hunisikiliza kwa heshima, hupiga goti, huniita ssebo, yaani bwana, na husema, "Ndiyo, ssebo. Lahma."

Leo nilifungua mdomo nimsahihishe, na mdomo ukabaki wazi.

Nikamuuliza: siku ile alipoandikisha bustani, aliandika jina gani?

"Si ya mtoto wenu? Niliandika Lahma."

"Kwa herufi gani?"

"Kwa herufi yake, ssebo! Herufi ya Lahma!"

Nilikwenda mezani bila kuaga. Mama Rahma husoma Kurani vizuri kuliko wanaume wengi, lakini hati za Kizungu hakusomeshwa. Jina lile juu ya skrini kwake lilikuwa pambo tu. Nami sikuwahi kuinama kulitazama. Nikaandika: Lahma.

Milimau ilikuwa ukutani. Asumini imefunga njia nzima kwa kukosa wa kuikata. Waridi limesinyaa, halikufa. Nimemwita. Nadhani nilipiga kelele. Nabukenya amemshika upande mmoja, mimi mwingine, tukamleta na shuka lake.

Ametazama. Ameuliza mkomamanga uko wapi, kwa sababu asumini ilikuwa imeuficha. Nikasogeza. Ulikuwapo.

Akaniambia, "Weka mkono."

Nimeuweka.

Nabukenya alipoelewa kisa chote alikaa chini sakafuni akicheka. "Sheikh! Miaka yote unanipiga shule, leo umekuja kwa Lahma yangu!" Nimemjibu kwamba ni kweli, nimekuja. Mama Rahma amesema, bila kuondoa macho kwenye asumini, kwamba tangu leo yeye aitwe Mama wa Nyama, na kwamba papai linywewe. Hatukujua kama alikosea neno au alitania. Tulicheka wote watatu.

Jumanne, 19 Rajabu

Onyango amerudi kutoka Kisumu na amepita kutusalimu. Alisifu birika. Amesema anaweza kurekebisha jina la bustani liwe sahihi. Ni kazi fupi. Nilimtazama Mama Rahma. Ametikisa kichwa. Nami nimesema liachwe. Bustani yenyewe imelizoea.

Asubuhi tulivu leo. Mvua imenyesha kidogo na kukoma. Nimepewa kona yangu kwenye bustani ya skrini, karibu na ukuta, nipande mrehani. Sina mkono wa ukulima. Mama Rahma huniongoza: mwaga hapa, acha pale. Nilipobonyeza vibaya nikakaribia kuung'oa mche wa waridi lake, amenipiga kofi mkononi.

Nikarudisha kipanya mahali pake na kuomba radhi. Akaniambia niwe mwangalifu. Tukaendelea kumwagilia. Muda ukapita kabla hatujatazamana.

Kofi lilikuwa la mkono wake wa kulia. Uliinuka wenyewe.

Ameurudisha juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha kuazima. Nimeufunika kwa wangu. Nje, kwenye msikiti wa Kibuli, adhuhuri imeanza kuadhiniwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuinuka mara moja.