Zuhura amehamia chama cha Kibokoni

Mfungo Tano, usiku wa kuamkia Jumatano

Leo kwenye chama chetu cha wanawake tulikuwa tukipangana zamu za kumhudumia mwanangu Zuhura akijifungua, mara Bi Salama, mkubwa wetu, akaniambia, "Usijisumbue, mwanangu. Zuhura kahamia chama cha Kibokoni. Wao ndio watakaomuuguza."

Mmoja wetu akanicheka. "Mwana humuwezi, zamu utaziweza?"

Nikamwendea Zuhura. "Mama, mawifi zangu wote wako huko," akanijibu, macho chini.

Kwetu, mwanachama anayekwenda kwenye uzazi wa chama pinzani hufukuzwa. Na hii ndiyo mimba yake ya kwanza, na miguu imemvimba, Mola wangu...

Pilipili manga ya uji wake wa uzazi nimeshaitwanga. Nitaipeleka mwenyewe. Wanifukuze.