Isale Lisinikute Nyumbani

Mama Gladys,

Ukoo huu wote hauna mwenye moyo mgumu kama mimi. Jana Gladys aliporudi na picha ya kibofu nililia mpaka ng'ombe akaacha kula.

Mtori uko jikoni. Gladys ale kwanza, mawazo baadaye.

Sasa sikia. Daktari ameona kivuli pale walipomtoa kansa mwaka jana. Hajui ni kovu au ugonjwa umerudi, ndiyo maana kasema tusubiri miezi mitatu. Leo baada ya misa, jirani yetu Mama Fredy alikuwa anawauliza wanawake nani ataleta sufuria za msiba. Msiba wa nani? Msichana ana miaka ishirini na sita, na jana kapanda mlima kwa miguu yake! Nikamwambia mbele ya padri aanze kupikia wa kwake.

Padri kamwagiza aniletee jani la isale kuomba msamaha. Unajua mila yetu: isale likinifikia mkononi, siwezi kukataa. Basi lisinifikie. Na yeye akae miezi mitatu bila jibu, kama mjukuu wangu. Aone raha yake.

Akija, mwambie nimekwenda Rau kwa dada yangu. ~~Mpe chai.~~ Maji yanamtosha.

Usisahau majani ya ng'ombe.

Bibi

*Mama, Bibi hajaenda Rau. Nimesikia ng'ombe anafokewa anyamaze. Nimemkuta zizini amekaa juu ya ndoo, na Mama Fredy kasimama mlangoni pa zizi na isale lake. Gladys*